Pikipiki inazima ukigeuza riziva

SWALI: Pikipiki yangu ya sisi 150 inatembea vizuri, lakini nikigeuza koki kwenda riziva inakohoa na kuzima. Mara nyingine najaza mafuta ng'ambo ya mpaka, Karonga. Fundi anasema ni ethanoli (ile pombe inayochanganywa na petroli), ninunue kabureta mpya. Ni kweli? Msomaji, Kyela

JIBU: Kabureta usinunue kwanza. Hiyo ni dalili ya maji. Mrija wa kawaida wa koki umesimama juu ya sakafu ya tangi. Wa riziva unanyonya chini kabisa, na ndiko maji yanakotuama, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli.

Fundi wako ana hoja, maana Malawi wamekuwa wakichanganya petroli na ethanoli ya miwa tangu 1982. Lita moja ya petroli yenye ethanoli asilimia 10 hubeba takriban mililita 5 za maji yaliyoyeyuka, na hayo hupita kwenye injini bila kukusumbua. Yakizidi hapo, hujitenga na kushuka pamoja na sehemu kubwa ya ethanoli. Ndiyo maana maji ya kikombe kidogo tu katika tangi la lita 10 yanaweza kukuachia tabaka kubwa mara kadhaa kuliko maji yenyewe, na halitachanganyika tena hata ukitikisa. Petroli inayobaki juu nayo imepungua okteni, yaani uwezo wa kuzuia injini isigonge. Petroli isiyo na ethanoli haibebi karibu maji yoyote. Kijiko kimoja tu kinazama.

Hakikisha hivi, injini ikiwa imepoa na moto uko mbali. Kinga chupa ya kioo chini ya kabureta, legeza skrubu ya chini ya bakuli, subiri dakika 10. Ukiona mstari kati ya tabaka mbili, vua tangi. Usitegemee mpira wa koki pekee: sakafu ya tangi ina mgongo katikati unaokalia chasisi, na maji hubaki upande usio na koki. Pindua tangi umwage kupitia mdomoni, suuza kwa nusu lita ya petroli safi, limwage tena, kisha liache wazi penye upepo likauke. Jeti ndogo ya kabureta, yaani kitundu kinachopitisha mafuta injini ikiwa sailensi, pulizia hewa. Ukichokoa kwa waya utapanua tundu, na pikipiki itakunywea mafuta kuanzia siku hiyo.

Angalia pia mpira wa kifuniko cha tangi. Ukipasuka, mvua za Kyela zinaingia zote. Na spiriti usimimine tangini ukidhani itabeba maji: maji yakiwa mengi, unanenepesha tabaka la chini tu.

SWALI: Nitajuaje kama mafuta niliyouziwa yana ethanoli? Msomaji, Tunduma

JIBU: Chukua chupa nyembamba ya kioo yenye alama za mililita. Tia maji 10, ongeza petroli 90, funga, tikisa, iache dakika 10. Maji yakibaki kwenye alama ya 10, hakuna ethanoli. Yakipanda kufikia 17 au zaidi, ipo, karibu asilimia 10. Petroli ya jaribio usiirudishe tangini.