Mdoli wa kroshia huharibikia shingoni

Mdoli wangu wa kwanza alikuwa sungura. Mafundo yake yalikaa vizuri na masikio yalisimama, lakini kichwa kililala begani kama mtu anayesinzia kwenye kikao. Nililaumu uzi, nikalaumu kroshia, ile sindano yenye ndoano. Kumbe shingo niliibana hadi mafundo 6, kisha nikaijaza pamba kiduchu nikiogopa asije akawa mgumu.

Anayeanza hubeba hofu yake yote kwenye kufuma, na kufuma ndiko kwepesi. Ukishajua pete ya uzi (kitanzi cha kuanzia kinachokazwa), fundo fupi, kuongeza (mafundo mawili ndani ya moja) na kupunguza (mawili kuwa moja), unaweza kufuma midoli mingi sana. Unaanza na mafundo 6 ndani ya pete, mzunguko wa pili 12, wa tatu 18, wa nne 24. Ukiongeza 6 kila mzunguko duara linabaki bapa. Ukiacha kuongeza, kuta zinapanda, na kichwa kinaanza kuonekana. Ila usipange maongezeko yako juu ya yale ya mzunguko uliopita kila mara, maana kichwa kitatoka na pembe 6 kama nati. Yasogeze.

Maelezo ya kufuma yaliyoandikwa kwa Kiingereza yana mtego wake. Fundo fupi Wamarekani huliandika sc (single crochet), na fundo hilohilo Waingereza huliandika dc (double crochet). Kwa Mmarekani dc ni fundo refu. Angalia kwanza mwandishi anafuata mtindo upi, la sivyo utafuma dubu mwenye matundu mwili mzima.

Matundu ndiyo adui, kwa sababu pamba huchungulia. Lebo ya uzi ikisema tumia kroshia ya milimita 4, wewe chukua ya 3 au hata 2.5. Mkono utauma kidogo siku za mwanzo. Unapopunguza, pitisha kroshia kwenye vitanzi vya mbele tu vya mafundo mawili yanayofuatana, kisha uyafunge pamoja. Hapo hata jicho kali halitaona ulipopunguza. Na uzi wa manyoya au wa mahameli uache kwanza, hata kama umekuvutia dukani. Mafundo yake hayaonekani, unafuma kwa kupapasa. Mweusi nao una shida hiyohiyo usiku. Uzi wa pamba wa rangi nyepesi utakufundisha upesi zaidi.

Kwa kuwa unazunguka bila kufunga mzunguko, huwezi kujua umefika wapi bila alama. Kipande cha uzi wa rangi nyingine kwenye fundo la kwanza kinatosha. Hesabu kila mzunguko. Inachosha, lakini kufumua mzunguko mmoja kunauma kidogo kuliko kufumua saba.

Sasa shingo. Iache na upana wa mafundo 12 au zaidi, na ukiweza fuma kichwa na mwili mfululizo bila kukata uzi. Jaza kwa vibonge vidogo vilivyochambuliwa, ukisukuma kwa upande butu wa penseli, na pale shingoni shindilia mpaka kidole kikikandamiza kisizame. Bonge moja kubwa likitiwa kwa mkupuo huacha mashimo pembeni na uvimbe katikati. Nyuzi za poliesta zinafaa kuliko pamba halisi, ambayo ikifuliwa hugandana. Mabaki ya uzi wa rangi nzito usiyatie ndani ya mdoli mweupe, yataonekana.

Uso nao usiufanye ukiwa umechoka. Macho ya plastiki yenye kishikizo cha nyuma yakishabanwa hayatoki kirahisi, kwa hiyo yapachike bila kuyabana, msimamishe mdoli mbali kidogo, umtazame. Yakishuka chini kidogo ya katikati ya uso na kuachana kwa mafundo kama 7, sura inakuwa ya kitoto. Bana kabla hujafunga kichwa. Lakini mdoli wa mtoto aliye chini ya miaka 3 mtarizie macho kwa uzi. Vifungo na macho ya plastiki vinaweza kung'oka na kumkaba.

Mikono fuma yote miwili siku moja. Mkono wako wa Jumatatu haukazi uzi kama wa Alhamisi, na utapata mdoli mwenye mkono mmoja mnene. Kila kipande kiachie mkia wa uzi wa sentimita 30 hivi, kibane kwa pini mahali pake, geuza mdoli pande zote, ndipo ushone. Mimi huzipanga pini na kuzing'oa mara tatu nne, na sioni aibu. Mkia uliobaki upitishe kwa sindano ndani ya mwili utokee upande wa pili, uvute kidogo, ukate karibu na mafundo. Ukiuachia, unarudi ndani wenyewe.