Nimenakili vichwa vya keneli, mbona glibc haioni asm/errno.h?

SWALI: Asalaam aleikum, fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Natengeneza kompaila ya GCC kwenye laptopu yangu ya Intel, nipate kujenga programu za Raspberry Pi 4 ya biti 64. Kwa glibc (maktaba kuu ya C kwenye Linux) nilinakili folda ya include, yenye vichwa (faili za .h) vya keneli, yaani kiini cha Linux, kutoka kwenye msimbo wake, lakini inakwama ikisema asm/errno.h haipo. Nimeitafuta kwenye arch/arm64 nzima, siioni. Je, nimepakua toleo bovu?

JIBU: Waaleikum salaam, mdogo wangu. Toleo lako ni zima, usimalize bando kulipakua upya.

Faili hiyo kweli haimo. Namba za makosa za arm64 ni zilezile za jumla, kwa hiyo asm/errno.h huzalishwa pale vichwa vinapoandaliwa. Ukiifungua utakuta mstari mmoja tu: #include <asm-generic/errno.h>. Hii ndiyo sababu kunakili kwa mkono hakufai kabisa. Isitoshe, vichwa ghafi vina mambo ya ndani ya keneli ambayo programu za kawaida hazitakiwi kuyaona, na ni kazi ya amri ya headers_install kuyachuja.

Futa ulivyonakili. Kama una .config (faili ya mipangilio ya keneli) unayoihitaji, iweke pembeni kwanza, maana mrproper huifuta. Kisha, ndani ya folda ya msimbo ($SYSROOT ni folda unamoweka faili za mfumo wa Raspberry Pi):

make mrproper
make ARCH=arm64 INSTALL_HDR_PATH=$SYSROOT/usr headers_install

Njia hiyo iishie kwenye usr. Folda ya include huongezwa yenyewe. Unahitaji rsync (programu ya kunakili faili) na kompaila ya kawaida ya laptopu, basi. Hiyo ya Raspberry Pi bado haihitajiki.

Kuwa makini sana na ARCH. GCC inaiita mashine hiyo aarch64, keneli inaiita arm64. Ukisahau kuiandika, utapewa vichwa vya Intel bila onyo lolote, na matatizo yatajitokeza baadaye ndani ya glibc, ambako ni vigumu kujua yalikoanzia. Chungulia folda ya asm: ukikuta unistd_x32.h, hivyo ni vya Intel. Futa, urudie.

Toleo la vichwa si lazima lilingane na keneli ya Raspberry Pi. Keneli ya zamani kabisa unayotaka kuihudumia itaje kwenye --enable-kernel unapoandaa glibc.

Msimbo wa keneli unazidi MB 100 hata ukiwa umebanwa, ilhali vichwa vilivyoandaliwa ni MB chache, kwa hiyo wagawie wenzako. Ila usivitie kwenye flashi ya FAT au exFAT vikiwa wazi. Chini ya linux/netfilter mna xt_CONNMARK.h na xt_connmark.h, faili mbili tofauti, na flashi hiyo haitofautishi herufi kubwa na ndogo. Moja itaifuta nyingine. Vifunge viwe faili moja kwa tar kwanza, mwenzako avifungulie kwenye diski yake ya Linux.