Jaji kufuta ibara ya Katiba?

Ndugu, umeuliza kama jaji anaweza kuifuta ibara ya Katiba yenyewe. Kwa Tanzania, soma kesi ya Mchungaji Mtikila, mwanasiasa aliyedai haki ya mgombea binafsi, yaani asiye na chama. Mwaka 1994 Mahakama Kuu ilimpa ushindi, Bunge likakimbilia kurekebisha Katiba ili kuzima hukumu ile. Akarudi, 2006 akashinda tena. Serikali ikakata rufaa, na Juni 2010 majaji saba wa Mahakama ya Rufani wakasema hapana: ibara ikishaingizwa kwa utaratibu wa ibara ya 98, ile ya kurekebisha Katiba, mahakama haina ubavu wa kuitangaza batili, suala hili ni la kisiasa, liende bungeni.

Hapo kwenye ibara ya 98 siwapingi. Ila kuwarudishia wabunge wa vyama waamue kama wasio na vyama wagombee, hmm, fisi kapewa bucha. 2013 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo Arusha, ikasema haki za Mtikila zilivunjwa. Naye hakuishi kuona ibara ya 39 ikibadilishwa; bado inamtaka mgombea urais awe mwanachama wa chama, tena apendekezwe nacho.