Alnusi na jua lake: maswali yenu kabla ya mvua

Mvua za Septemba zinakaribia, na maswali mengi niliyoletewa safari hii ni ya alnusi, ule mti wa nyanda za juu wenye vitunda vidogo vigumu vinavyofanana na vya msonobari. Kwao ni milimani, kuanzia Meksiko hadi kaskazini mwa Argentina, lakini Kigezi kule Uganda, kaskazini mwa Rwanda, Burundi na Kivu kule Kongo umeshakuwa mwenyeji. Nimechagua maswali sita. Karibu yote, ukiyachunguza, yanauliza habari ya jua.

Shikamoo mzee. Miche yangu ya alnusi ina miezi mitatu kitaluni, chini ya paa la majani ya migomba. Imerefuka, lakini shina ni jembamba kama uzi na yote imelalia upande mmoja. Niongeze samadi? (Kabale)

Marahaba. Samadi iache ilipo. Miche hiyo haina njaa, iko gizani. Nenda kaangalie imelalia upande gani: bila shaka ni ule ambao paa lako limeinuka au lina pengo. Kila mche umejinyoosha kuufuata mwanga na kusahau kunenepa.

Huko kwao, kwenye milima ya Andes ya Amerika Kusini, mlima ukiporomoka na kubaki udongo mtupu, alnusi ni mmoja wa miti ya kwanza kuota pale. Unakua peupe, hakuna wa kuufunika. Sasa sisi tunauchukua na kuulea kama kahawa! Kivuli unakihitaji mwanzoni tu, wakati mche una majani mawili matatu na jua la saa saba linaweza kuukausha. Zaidi ya hapo kivuli kinakuwa ugonjwa, na huwa hakiji peke yake. Chini ya paa zito udongo haukauki, ugonjwa wa kinyausi unaingia, na asubuhi unakuta miche imekatika shingoni kana kwamba panya amepita.

Lakini usikimbilie kulibomoa paa leo. Mimi nilifanya hivyo mwaka mmoja, kwa hasira, siku ya jua kali. Jioni majani yalikuwa yamegeuka rangi ya kahawia pembeni, kama karatasi iliyopitishwa kwenye moto, na nusu ya kitalu ikaenda na maji. Anza siku ya mawingu. Wiki ya kwanza fungua asubuhi hadi saa nne, kisha funika. Wiki ya pili acha wazi hadi saa sita. Ya tatu, rudisha majani machache tu mchana jua likichoma. Mwezi mmoja kabla ya kupeleka miche shambani, paa liwe limeondoka lote, usiku na mchana.

Na viriba vyako, ile mifuko ya miche, vimebanana? Miche ikigusana majani inatiana kivuli yenyewe kwa yenyewe, hata paa ukilitoa. Vitenganishe kidogo. Mche ulioinama kidogo utanyooka ukipata jua. Ule usioweza kusimama bila kijiti, tupa. Najua inauma, lakini ukiupanda utakuuma mara mbili.

Mbegu zangu nilizifukia vizuri, kina cha kidole, nikamwagilia mwezi mzima. Hakuna kilichoota. (Musanze)

Umezizika, ndugu yangu. Mbegu ya alnusi ni ndogo ajabu: kilo moja ina zaidi ya milioni moja. Haina akiba ya kuusukuma mche kutoka kina cha kidole. Zichanganye na mchanga laini, zisambaze juu ya udongo, nyunyizia mchanga mwembamba kiasi cha kuzishika tu zisipeperuke, na mwanga uzifikie. Mwagilia kwa keni yenye matundu madogo, maana maji ya ndoo yatazikusanya zote kwenye kona moja. Zikiwa mbichi, zilizochumwa karibuni, utaona kijani ndani ya wiki 2 hadi 4. Mbegu iliyokaa stoo muda mrefu usiipotezee maji, inakufa upesi.

Mpakani jirani ana mikaratusi mirefu. Naweza kupanda alnusi chini yake ili shamba lisikae bure? (Kisoro)

Hapana. Mkaratusi utaunyima jua juu na maji chini. Sogea ndani ya shamba lako hadi mahali ambapo saa nne asubuhi kivuli cha jirani hakifiki, ndipo uchimbe mashimo.

Nilipanda alnusi kwenye kingo za matuta miaka minne iliyopita. Sasa imekuwa mikubwa na maharage yanadhoofu. Mke wangu anasema tuikate yote. Mimi naionea huruma. (Burera)

Mama ana haki ya kulalamika, maana sufuria haipiki huruma. Lakini msiikate. Mizizi ya alnusi ina vinundu ambamo wanaishi bakteria wanaochukua naitrojeni ya hewani na kuigeuza mbolea. Chimbua kidogo kando ya shina, utaviona vimeshikana kama tangawizi changa. Mti huo unalisha maharage hayo hayo unayoyanyima jua. Kinachotakiwa ni kupogolea.

Pogolea kila msimu, wiki moja au mbili kabla ya kupanda maharage. Kata matawi ya chini, ukifika nusu ya urefu wa mti simama. Juu acha, kwa sababu mti wenyewe unaishi kwa jua, na ukiunyoa kipara utakaa msimu mzima ukijiuguza. Panga ikate karibu na shina, pasibaki kisiki cha kuoza. Matawi yaliyonyooka ni fito za maharage, kwa hiyo safari ya kununua fito sokoni mmeiokoa. Majani yatandaze kwenye tuta, yanaoza haraka.

Kuhusu upande wa jua: huku karibu na ikweta jua linapita juu ya kichwa, linaelekea kaskazini kidogo mwezi wa Juni na kusini kidogo mwezi wa Desemba. Mstari wa miti unaotoka mashariki kwenda magharibi hutupa sehemu kubwa ya kivuli chake juu yake wenyewe. Unaotoka kaskazini kwenda kusini hufagia shamba zima, asubuhi upande huu, jioni upande ule. Ila wewe uko mlimani. Miti ifuate kontua, yaani mstari unaokata mteremko kwa usawa, hilo halina mjadala, la sivyo udongo utashuka bondeni. Unachoweza kuchagua ni wapi pa kupogolea zaidi. Kwenu mawingu huja mchana, jua lenye faida ni la asubuhi. Basi miti iliyo upande wa mashariki wa maharage ndiyo ipate panga kwanza.

Nipo Kilifi, jua lipo la kutosha mwaka mzima. Nikuletee oda ya miche? (Kilifi)

Jua unalo, ubaridi huna. Alnusi inataka milima na udongo wenye unyevu, Pwani itakufia. Panda mvinje. Nao una bakteria wa jamii hiyo hiyo kwenye mizizi, na unapenda jua peupe hata kwenye mchanga. Katika machimbo ya Bamburi, karibu na Mombasa, ambako palibaki mwamba mtupu wa matumbawe, mivinje ilianza kupandwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, ikashika, na majongoo wakasaidia kuyageuza majani yake kuwa udongo. Leo ni msitu.

Nipo Sweden. Nimeokota mche wa alnusi ya huku kando ya mto, nimeuweka sebuleni dirishani. Unanyauka. Ninunue taa? (Malmö)

Taa haitatosha, na sebule nayo ina joto la hita. Hiyo ya Ulaya ni ndugu tu wa hii yetu, jani lake limebonyea nchani badala ya kuchongoka, lakini tabia ya kupenda jua ni moja. Utoe nje uuweke barazani, upande wa kusini, kwa sababu huko kwenu jua haliendi kaskazini mchana. Udongo usikauke kabisa. Wakati wa baridi uache huko huko nje: hauna majani, mwanga hauuhitaji, umelala. Na mwezi wa Oktoba au Novemba utakapoona majani yanadondoka yakiwa bado ya kijani, huku miti mingine mtaani imegeuka manjano, usiniandikie kwa hofu. Ndivyo unavyofanya kila mwaka.