Kabla ya Kubeba Nyanya za Bure, Anzia Jikoni

Mzigo wangu wa kwanza wa nyanya kutoka Ilula, wilayani Kilolo, ulikuwa matenga 12 niliyopewa na mkulima ambaye dalali wake hakutokea, wakati ambapo bei ya shambani ilikuwa imeshuka hata isirudishe gharama ya tenga lenyewe. Niliufikisha jioni katika kituo kimoja cha kulelea watoto mjini Iringa, nikijiona nimetenda wema mkubwa. Mpishi alifunua nyasi za tenga la juu, akatazama maji mekundu yaliyokuwa yakichuruzika kwenye bodi la pikapu, kisha akaniuliza, "Mwanangu, zote hizi nizipike na nini?" Stoo yake ilikuwa na nusu debe la unga. Baada ya siku tatu, matenga saba yalimwagwa shimoni.

Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa (FAO) lilikadiria mwaka 2019 kwamba takribani asilimia 14 ya chakula duniani hupotea kati ya mavuno na duka la rejareja. Matenga yangu saba hayangeingia hata katika hesabu hiyo, kwa kuwa yaliozea mlangoni pa walaji.

Tangu hapo namuuliza mpishi kwanza: anatumia kilo ngapi kwa siku, na nani atachambua mzigo ukifika usiku? Jibu lake ndilo linaloamua idadi ya matenga, hata kama shamba zima limetolewa bure. Nyanya haimshibishi mwenye njaa, maana sehemu kubwa yake ni maji. Kwa hiyo fedha ninazochangisha huenda kwenye mafuta ya gari na, zinazobaki, kwenye maharage na unga.

Shambani, swali langu la kwanza huwa ni dawa. Nyanya hupigwa dawa mara kwa mara kwa sababu ya mdudu aitwaye kantangaze na ugonjwa wa bakajani, na lebo ya kila dawa hutaja siku za kusubiri kabla ya kuvuna. Uliza ilipigwa lini, kisha omba kuliona kopo lenyewe. Mkulima asipokumbuka, namshukuru na kuondoka, ingawa wapo wanaoniona nina madaha kwa kukataa cha bure. Mtoto wa kituoni ana tumbo kama la mtoto wangu.

Chuma asubuhi, kabla jua halijakolea, na utenge zilizoiva kabisa na zilizoanza tu kupiga wekundu, kwa sababu za pili zitasubiri siku kadhaa huku za kwanza zikipikwa. Usijaze lumbesa: uzito wa juu ndio unaopasua nyanya za chini, na moja iliyopasuka huambukiza jirani zake. Usizioshe mpaka siku ya kuzipika. Wachumaji walipwe, kwani kazi ni ile ile hata kama mzigo ni wa msaada, na barua ya mtendaji wa kijiji iwe mkononi kabla hujafika kwenye geti la ushuru.

Zinazozidi, mpishi yule huzikata vipande na kuzianika juani chini ya chandarua safi. Tenga zima hutoa kilo chache tu, lakini hizo humfikisha hadi miezi ambayo nyanya ni ghali. Wiki iliyopita nilimpigia simu kumwambia kuna matenga 20. Akasema nilete manne.