Waridi linainamisha shingo siku ya tatu: niongeze busta?

Swali: Daktari, nakuza mawaridi katika vivungulio viwili hapa Njabini, Kinangop Kusini. Ndoo naziosha kwa klorini, nakata tumba likianza kufunguka, na maua yanaingia chumba baridi ndani ya nusu saa. Baridi ya huku nimeidhibiti: saa kumi jioni nashusha mapazia na kufunga kila upenyo, nafungua saa tatu asubuhi. Lakini mnunuzi wangu wa Nairobi analalamika kuwa siku ya tatu vichwa vinainama. Muuzaji wa pembejeo anasema ni upungufu wa kalsiamu, akaniuzia busta ya majani, ile mbolea ya maji ya kunyunyizia. Nimenyunyiza mara nne. Niongeze kipimo?

Jibu: Usiongeze, mama. Na chupa ya tano usinunue.

Jambo ulilolitaja kwa fahari ndilo linalokuponza. Kutoka saa kumi jioni hadi saa tatu asubuhi ni saa 17. Muda huo wote mvuke wa udongo na wa majani hauna pa kutokea. Ukiingia mle alfajiri utaona plastiki inatiririka matone. Hewa ya namna hiyo imevuka asilimia 90 ya unyevu tangu usiku. Jani linalokulia humo halipati sababu ya kufunga stomata, yale matundu madogo linayopumulia, kwa hiyo matundu hayo yanakomaa yakiwa mavivu. Mti ukiwa bado shambani hakuna anayegundua, maana mizizi inaleta maji. Kata ua ulipeleke kwenye sebule kavu ya Nairobi: majani yanavujisha maji mchana na usiku, shina halimudu kuyarudisha, na shingo, iliyo laini kuliko sehemu nyingine zote, inakata tamaa kwanza. Ua linakufa kiu limesimama ndani ya maji.

Usiniamini kwa maneno. Chukua mashina kumi ya siku moja, matano uyavue majani yote, kisha yaweke pamoja katika ndoo moja. Yaliyovuliwa yakisimama wima na mengine yakainama, mwizi ni jani. Yakiinama yote, basi tutarudi kwenye shina lenyewe: bakteria walioliziba, au shingo iliyokatwa kabla haijakomaa. Kwa maelezo yako sitarajii hilo.

Huyo muuzaji wako hakudanganya kabisa, na hapo ndipo anaponiudhi. Pengine jani lako likipimwa maabara kalsiamu itaonekana kidogo kweli. Lakini kalsiamu hupanda na maji yanayovutwa na jani linapotoa mvuke, na katika hewa iliyoshiba unyevu jani halivuti. Iko udongoni, haina gari la kupandia. Tena kama unanyunyiza jioni halafu unafunga, umemwandalia kitanda ukungu wa kijivu, botraitisi, yale madoa ya petali usiyoyaona shambani ila mnunuzi anayakuta akifungua boksi.

Kila wiki naletewa kesi kama hii. Watu wamejazwa imani kwamba ubora ni kitu cha kumiminia ua mwishoni: busta kabla ya kukata, aspirini au sarafu kwenye maji baada ya kukata. Ua likishapita kwenye mkasi, chumba baridi na dawa ya maji vinachelewesha kuharibika tu; stomata mbovu havizitengenezi. Wapo pia wanaouza jibarelini, homoni ya kurefusha mmea, kwenye chupa zisizo na lebo, kwa sababu soko linalipa kwa sentimita. Shina litarefuka, ndiyo, jembamba kama mrija, halafu kichwa kikizidi uzito naitwa mimi.

Na kuna wanaonakili ratiba ya Naivasha neno kwa neno. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari; ninyi mko juu zaidi. Aina ileile ya waridi huko chini hukomaa haraka na kichwa kidogo. Kwenu huchelewa, na kuchelewa huko ndiko kunakoleta kichwa kikubwa na shina nene. Baridi unayopigana nayo ndiyo inayokulipa! Kweli, ikizidi sana petali nyekundu huungua kingo zikawa nyeusi, na usiku wa namna hiyo fungeni mapazia ya pembeni. Lakini upenyo wa paa uachwe wazi.

Kwa hiyo: umwagiliaji wa matone ufanywe asubuhi, ukome mapema mchana ili udongo wa juu ukauke kabla ya jioni. Mapazia yapandishwe mara jua linapochomoza, si saa tatu. Nunua kipimo cha unyevu ukining'inize katikati ya mimea, kwenye kimo cha majani. Pale mlangoni kitakudanganya. Unachotaka ni hewa ikauke kwa saa kadhaa kila siku, ndipo jani changa lijifunze kufunga.

Nasema jani changa, kwa kuwa yale ya sasa hayatarekebishika. Subiri chipukizi za leo zifikie kukatwa, wiki saba hadi kumi, na kwa baridi ya Njabini huenda zaidi. Mwambie mnunuzi wako hivyo hivyo. Akikuuliza dawa ipi umetumia, mwambie umefungua paa.