"Amechomwa mkononi": kwa sindano, kwa mafuta ama kwa kisu?

Kuna dada kaniandikia toka Likoni, yuko zahanati upande wa rekodi, kazi yake ni kumsikiliza mgonjwa na kuandika maelezo kwa Kiswahili halafu faili inakwenda kwa mwenzake anayetia kodi, yaani zile herufi na namba za kila ugonjwa au jeraha (vitabuni wanaita msimbo, ofisini wote wanasema kodi, na hakuna anayefikiria kodi ya nyumba). Anauliza: "Niliandika amechomwa mkononi ana kidonda, mwenzangu akanirudishia faili ati haieleweki. Mbona ni Kiswahili sawa kabisa? Nani ana haki?"

Dadangu, Kiswahili chako ni sawa na mwenzako naye ana haki. Sarufi haina kombo lolote, shida ni kwamba hayo maneno matatu yote yanamtegemea msikilizaji awe yupo hapo anaona.

Tuanze na hilo chomwa manake ndo lenye balaa. Mama wa Majengo akisema mwanangu kachomwa begani, yaweza kuwa ni sindano ya kliniki, yaweza kuwa mafuta ya viazi karai yamemrukia, yaweza kuwa kuna mtu kamtia bisibisi, na wewe uliyekaa naye huulizi kwa sababu unaliona bega lenyewe. Anayetia kodi hana bega, ana karatasi. Na kwake hayo mambo yako mbalimbali kabisa: kwenye ICD-10, kile kitabu cha kodi cha Shirika la Afya Duniani (WHO), kuungua bega na mkono, ukiacha kifundo na kiganja, ni T22, na jeraha wazi la bega au mkono wa juu ni S41. Sasa yeye achague vipi? Usilitupe neno lenyewe, lipe tu kitu kilichochoma: amechomwa kwa bisibisi, amechomwa sindano. Ya moto mimi ningeandika ameungua tu, neno tunalo na halina utata, sijui kwa nini watu wanaliruka. Wengine wanaandika amedungwa wakidhani wamejiokoa, lakini Kenya hii sindano nayo watu wanadungwa, kwa hivyo umerudi pale pale.

Halafu mkono. Mkono wetu sisi unaanza begani unamalizikia ncha za vidole, na kitabu kimeukata vipande: bega S41.0, juu ya kiwiko S41.1, chini ya kiwiko S51, kifundo kwenda kiganja na vidole S61. Ukiandika mkononi basi, kuna T11.1, jeraha wazi la mkono lisilojulikana liko sehemu gani, ambayo kwangu mimi ni kodi ya kukata tamaa, mgonjwa kakaa mbele yenu na jeraha mmeliona. Kamusi zina neno kigasha kwa ile sehemu ya chini ya kiwiko, zuri sana, ila nenda Kongowea ulitamke uone utakavyotazamwa, kwa hivyo kwenye faili andika "juu ya kiwiko" au "chini ya kiwiko" na kila mtu ataelewa. Kwapa na kombe la bega pia ni kundi hilo hilo la bega na mkono wa juu, S40 mpaka S49, lakini yataje kwa majina yake usiyafunike na "bega".

Na ile -ni ya mwisho usiichezee! Amekatwa mkononi ana jeraha, amekatwa mkono huyo mkono haupo tena, na ukiwa umeondoka kati ya bega na kiwiko ni S48, si S41 tena. Nimeona watu wanavyochati "nimekatwa mkono na bati" na picha ni mkwaruzo tu, kwenye simu haidhuru, watu watacheka, kwenye faili haichekeshi.

Hapo hapo kwenye kukatwa kuna jengine. Amekatwa kwa panga, msomaji anasikia kuna mtu kamkata, ni shambulio, X99, na hapo pengine kuna P3, ile fomu ya polisi ya majeraha, na kesi mbele. Kama ni bati limemdondokea usiandike amekatwa ukaishia hapo, andika bati limemdondokea likamkata. Amejikata nayo ina pande mbili, kisu kimeteleza akikata nyama au amekusudia, na kitabu kinazitenganisha (X78 ni ya kukusudia), kwa hivyo ongeza "kwa bahati mbaya" kama ndivyo alivyosema yeye. Kama hakusema muulize, usimbunie.

Kidonda nacho. Mtaani kila kilichochanika ni kidonda, hata cha dakika tano zilizopita, na sikukatazi kusema hivyo. Lakini hospitali kidonda mara nyingi kinaeleweka ni kile kilichokaa, cha sukari, cha kulala sana, na hizo kodi zake ni nyingine, hazimo kwenye kundi la majeraha. Kilichotokea leo andika jeraha. Akirudi wiki ya pili linatoa usaha andika "jeraha la tarehe fulani, sasa lina usaha", hapo mwenzako anaona ni lile lile la mwanzo na anaona limeingia maambukizi.

Kama mwenzako kasomea ile ICD-10-CM ya Marekani, waliyoanza kuitumia tarehe 1 Oktoba 2015, atakudai zaidi: upande gani, jeraha ni mkato au tundu au ni meno, kuna kitu kimebaki ndani, ni ziara ya kwanza au ya kurudi. S41.111A kwa mfano ni mkato wa mkono wa juu wa kulia, hamna kitu ndani, bado anatibiwa. Upande andika kulia au kushoto, kuvuli waachie wazee.

Kwa hivyo lile lako, tuseme kisa chenyewe ni cha bisibisi, ningeliandika hivi: "Amechomwa na mtu kwa bisibisi leo asubuhi, mkono wa kushoto juu ya kiwiko upande wa nje, tundu moja, hakuna kitu kilichobaki ndani." Hilo la kitu ndani lakini lisitoke kichwani mwako wala kwa mgonjwa, liwe limeandikwa na aliyelisafisha jeraha. Na akija wa mbwa andika "ameng'atwa na mbwa", ukiandika "ameumwa bega" mwenzako atadhani ni maumivu tu, faili itarudi tena.